Pingili Tano Chini ya Kiroba

Miamba ya Geita na Kahama, nchini Tanzania, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu haikutapakaa humo ovyo. Sehemu kubwa ya ile inayofuatwa na wachimbaji wadogo imo kwenye mikanda myembamba ya mawe meupe ya kwatzi, inayokata mwamba kushuka chini. Mkanda ukiwa mwembamba, mchimbaji wa Nyarugusu, Mgusu au Mwakitolyo hana sababu ya kupasua mwamba mtupu pembeni ili apate nafasi ya kusimama. Kila ndoo ya kifusi kisicho na kitu ni jasho la bure. Kwa hiyo njia za ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, huchongwa kwa kipimo cha mkanda wa mawe, na mtu ndiye anayejikunja. Anapiga nyundo na moko (patasi ya mwamba) akiwa amechuchumaa, anajaza kiroba akiwa ameinama, kisha anakiburuta hadi chini ya shimo inakosubiri kamba. Saa zote hizo mgongo haujanyooka.

Mgongo huo una pingili 24 zinazojongea: saba za shingo, 12 za kifua zilizoshikana na mbavu, na tano za kiuno. Chini yake kuna pingili tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na mwishoni kabisa kifandugu. Pingili tano za kiuno ndizo nene kuliko zote, maana zinabeba kiwiliwili, mikono, kichwa na chochote kilichoshikwa mkononi. Mtu akisimama wima, kiuno huingia ndani kidogo na uzito hushuka juu ya pingili bila misuli kuhangaika sana. Akiinama, mpangilio huo unavunjika.

Hesabu yake ni nyepesi. Misuli inayouinua mgongo iko takriban sentimita tano nyuma ya kitovu cha pingili. Mzigo alioushika mtu aliyeinama unaweza kuwa sentimita 40 mbele yake. Ili mzigo usimwangushe kifudifudi, misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu mara nane ya uzito huo. Mawe ya kilo 25 yanadai mvuto wa kilo 200, na hapo hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chake mwenyewe. Nguvu zote hizo zinaishia kuzikandamiza pingili mbili za chini.

Katikati ya pingili na pingili kuna diski. Kwa nje ni tabaka za nyuzi imara zilizozungushwa kwa mishazari, na ndani kuna ute mzito ambao sehemu yake kubwa ni maji. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya mtu aliyejitolea kuingizwa kipimashinikizo ndani ya diski ya kiuno, akaishi nacho kwa takriban siku nzima. Akilala, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.1. Akisimama, 0.5. Akinyanyua kilo 20 huku mgongo umepinda, likapanda hadi 2.3. Mzigo uleule, akiwa ameukumbatia karibu na mwili, likashuka hadi 1.1. Tofauti hiyo ya zaidi ya nusu ilitokana tu na jinsi alivyoubeba, na kwenye njia nyembamba ya duara mchimbaji hana nafasi ya kuubeba hivyo.

Kuna jambo jingine kuhusu diski ambalo naona lingepaswa kujulikana na kila mwenye duara. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake, isipokuwa ukingoni kabisa. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na ya chini. Mchana, chini ya mzigo, inakamuliwa maji. Ndiyo maana kila mmoja wetu jioni ni mfupi kwa sentimita moja hadi mbili kuliko alivyoamka. Usiku, mtu akiwa amelala, inayanyonya tena. Kwa yule wa Ulm, shinikizo lilipanda kutoka 0.1 hadi 0.24 akiwa kitandani, diski ikijaa upya. Mchimbaji anayeunganisha zamu mbili anaikatisha diski kabla haijajaa. Na anayetoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye viroba anainama wakati diski imejaa mno na nyuzi zake zimekazwa kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Saa moja ya kazi za kusimama kabla ya kuanza kunyanyua ingemsaidia sana.

Nyuzi zikichoka, ute husukumwa nyuma, mara nyingi kwenye diski mbili za chini kabisa, na kuubana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Maumivu yanatoka kiunoni, yanapita tako na nyuma ya paja hadi kwenye unyayo. Huku kwetu wengi husema ni figo, au ni ngiri, wakatafuta dawa ya figo au ya ngiri. Wengine hununua diklofenaki duka la dawa na kushuka nayo shimoni, wanakovuja jasho bila maji ya kutosha. Hapo ndipo figo huweza kuumia kweli, kwa sababu dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo za mtu aliyekaukiwa maji. Wagonjwa wengi wa diski hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji, ilimradi mzigo upunguzwe na mtu aendelee kutembeatembea.

Waingereza waliyaona madhara haya ya diski kwa wachimbaji wao wa makaa ya mawe. Miaka ya 1950, watafiti Kellgren na Lawrence walipiga picha za eksirei na kukuta diski za wachimbaji zimechakaa zaidi ya za wafanyakazi wa ofisini.

Vumbi nalo hufika hadi mgongoni. Vumbi la kwatzi, kutoka shimoni na hasa kwenye karasha inayoponda mawe, huidhoofisha kinga ya mapafu na kuifungulia njia kifua kikuu, na kifua kikuu kinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye pingili. Huila mifupa kimyakimya, pingili ikabonyea na kibiongo kikatokeza. Katika mikoa hii ya wafugaji kuna pia bruselosi, inayopatikana kwa maziwa mabichi na damu ya mifugo, nayo hupenda pingili za kiuno. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku au kukonda hayatokani na viroba pekee. Yanahitaji vipimo, na magonjwa yote mawili yanatibika kwa dawa. Ganzi ya sehemu za siri, mkojo kukwama au miguu kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Halafu kuna kufukiwa na kifusi. Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, watu 15 waliokolewa mgodini Nyarugusu. Katika ajali za namna hii, mawe yanayomwangukia mtu aliyeinama humkunja kwa nguvu pale kifua kigumu chenye mbavu kinapokutana na kiuno kinachopinda. Daktari Frank Holdsworth wa Sheffield aliwatibu wachimbaji wengi wa makaa walioumia namna hiyo, na mwaka 1963 akachapisha mpangilio wa mivunjiko ya mgongo uliosomwa na madaktari dunia nzima. Ugwe wa mgongo, ule mkanda wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo mvunjiko wa hapo unaweza kuukata. Lakini aliyevunjika pingili anaweza kutoka shimoni ugwe wake ukiwa mzima, ukaja kukatwa na wenzake wanaomvuta mikono na kumkunja kwenye bodaboda. Mwili wake uzungushwe kwa pamoja kama gogo, kichwa, kifua na nyonga kwa mkupuo mmoja, na alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Kutoka Geita hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri kivuko Busisi. Tangu Juni 2025 linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi.

Mivunjiko ni michache. Wengi zaidi huumizwa na kiroba, na uzito wa kiroba ni jambo la kukubaliana. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini iliweka mwaka 1991 kilo 23 kuwa ukomo wa kunyanyua, tena katika mazingira mazuri kabisa: mzigo karibu na mwili, mahali pa wazi, bila kujipinda. Mfuko uliotengenezwa kwa kilo 50 za sukari, ukijazwa mawe ya kwatzi hadi nusu tu, unakaribia kilo 45. Kwenye maduara mengi mawe hugawanywa kwa viroba kati ya mwenye duara, mwenye leseni na wachimbaji. Viroba vyote vikijazwa robo badala ya nusu, idadi yake inaongezeka maradufu na fungu la kila mmoja linabaki lilelile. Anayehitaji kupangiwa bei mpya ni mbebaji anayelipwa kwa kiroba.