Dalili ya Mvua ni Mawingu: Lugha ya Utabiri wa Hali ya Hewa, kutoka Thika na Ruiru hadi Pwani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Shuleni tulifundishwa methali hii kama kauli ya jumla kuhusu mambo yajayo, lakini ukiitazama kwa makini utabaini kuwa ni kauli ya mtabiri. Haisemi kwamba mawingu ni mvua. Yasema ni dalili, na aionaye dalili ana wajibu wa kujiandaa ijapokuwa huenda mvua yenyewe isinyeshe. Tofauti hiyo kati ya dalili na tukio ndiyo kiini cha makala haya. Ninashikilia kwamba utabiri wa hali ya hewa ni matini inayostahili kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili, kwamba lugha yetu ina msamiati wa kuuwasilisha, na kwamba msamiati huo ukitumiwa ovyo madhara yake hayaishii kwenye karatasi.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la jirani. Msimu mmoja wa masika, mama mmoja anayeuza mboga karibu na mto hapa Ruiru alikuwa amesikia redioni kwamba kuna asilimia 45 ya mvua ya juu ya wastani. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma chuo kikuu, hiyo arobaini na tano si ni chini ya nusu? Basi mwaka huu mvua si nyingi." Nilikuwa na haraka ya kuabiri matatu ya Thika. Nikamjibu, "Nadhani ni hivyo, mama." Majuma machache baadaye maji yaliingia katika kibanda chake usiku, yakachukua magunia yote ya mboga. Nimeishi na jibu langu tangu siku hiyo.

Asilimia na wastani

Utabiri wa msimu katika eneo letu huanzia mbali. Kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, chenye makao yake Ngong, huwakutanisha wataalamu wa Upembe wa Afrika na nchi jirani kabla ya misimu mikuu, utaratibu ulioanza mwaka 1998. Kisha kila nchi huandaa utabiri wake. Kwetu kazi hiyo ni ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iliyoko Dagoretti Corner, Nairobi.

Nambari zao huundwaje? Chukua misimu 30 ya masika, tuseme tangu 1991 hadi 2020, kipindi ambacho wataalamu hukitumia kama kipimo. Ipange kuanzia msimu uliopata mvua haba kabisa hadi ule uliopata nyingi kupita yote, kisha uigawe katika mafungu matatu ya misimu kumikumi. Fungu la kwanza ni la mvua za chini ya wastani, la pili ni la wastani, la tatu ni la juu ya wastani. Kama hatuna dalili yoyote, kila fungu lina nafasi sawa, yaani takriban asilimia 33. Utabiri unapolipa fungu la tatu asilimia 45, mizani imeinama: fungu hilo limepata uzito kuliko kila moja la yale mawili mengine. Haimaanishi kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45, wala kwamba itanyesha katika asilimia 45 ya nchi. Na kuilinganisha na nusu, kama nilivyomruhusu yule mama afanye, ni kukosea mizani yenyewe, kwa sababu kipimo chake si nusu bali ni theluthi.

Neno "wastani" nalo lina mitego. Baadhi ya watangazaji husema "mvua isiyo ya kawaida" wakikusudia mvua ya juu ya wastani. Isiyo ya kawaida yaweza kuwa nyingi, haba, hata ya mawe. Msikilizaji huachiwa achague, naye huchagua anayoipenda.

Jina El Niño ni mfano mwingine. Kwa mwanasayansi, hilo ni jina la kupanda kwa joto la maji katika eneo la ikweta la Bahari ya Pasifiki. Kwa Mkenya aliyeona mafuriko ya 1997 na 1998, El Niño ni mafuriko yenyewe. Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño ya uharibifu haingekuja, bali mvua tu ingekuwa nyingi. Mwezi uliofuata mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 100 nchini. Joto la Pasifiki lilikuwapo, na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu pia yalikuwa na joto kupita kawaida. Neno moja lilikuwa limebeba maana mbili, na msikilizaji aliyeambiwa kwamba El Niño haipo alikuwa na kila sababu ya kulala usingizi.

Pepo na majira

Mwenyeji wa Thika anaweza kuuliza kaskazi na kusi zinamhusu nini, naye yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Zinamhusu sana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo hutuletea jua kali la Januari na Februari. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili, na ndiyo husukuma hewa baridi yenye unyevu hadi nyanda za juu, tukapata mawingu mazito na baridi ya Juni hadi Agosti. Upepo unaomzuia mvuvi wa Lamu kutweka tanga ndio unaomfanya mwanafunzi wa Juja kuvaa sweta darasani.

Majira nayo yana majina yanayooana. Mvua ya Machi hadi Mei ni masika. Wakikuyu huiita mvua ya njahi. Ile ya Oktoba hadi Desemba ni vuli, na kwa Wakikuyu ni mvua ya mwere. Anayefasiri utabiri kwa mkulima wa Gatundu au Thika ana daraja tayari la kuvukia. Hata hivyo, daraja hilo lina ubao mmoja uliolegea. Katika Kiswahili cha pwani, kiangazi ni majira ya joto yanayokuja kila mwaka. Huku bara wengi huliita "kiangazi" janga la kukosa mvua, ambalo jina lake fasaha ni ukame. Tangazo likisema "tunatarajia kiangazi", mmoja husikia kalenda na mwingine husikia njaa.

Moto

Kaskazi ikikausha nyasi, hatari inayofuata ni moto. Moto wa msituni huhitaji mambo manne: siku nyingi bila mvua, joto, unyevuanga mdogo na upepo. Kila moja peke yake halitishi; yakikutana, kijinga kimoja cha mrina asali au mchoma makaa hutosha. Mlima Kenya uliungua mnamo Machi 2012, na Februari 2022 moto uliteketeza sehemu za hifadhi ya Aberdare, milima ya Nyandarua.

Kwa wakazi wa Thika na Ruiru, Nyandarua si mbali. Mito ya Thika na Chania huanzia huko, na maji ya Mto Thika hujaza bwawa la Ndakaini linalotegemewa na jiji la Nairobi. Ardhi iliyoungua hainywi maji vizuri. Masika yakifika, maji hutiririka kwa kasi yakibeba udongo na majivu. Kwa hiyo tangazo la Februari kuhusu upepo na ukavu huko juu lina uhusiano na mafuriko ya Aprili huku chini. Hapa Kiswahili hakijapungukiwa maneno, bali kimepungukiwa mazoea. Tumezoea kutangaza moto unapowaka. Hatujazoea kutangaza siku ambayo moto ukianza hautazimika. "Siku ya hatari ya moto" ni maneno mepesi, nayo yangetosha.

Bahari na daraja za tahadhari

Pwani ndiko tunakoweza kujifunza zaidi. Vimbunga ni nadra Kenya kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuizungusha hewa hivyo. Lakini si mbali nasi: Unguja ilipigwa mwaka 1872 mikarafuu ikang'oka, na Lindi ikapigwa mwaka 1952. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya, chenye jina ambalo kwetu lina maana ya zawadi, kilifika Kisiwa cha Mafia, huku pwani ya Kenya ikionywa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Wakati huohuo bara ilikuwa imezama katika mafuriko, na serikali iliwaamuru wakazi wa karibu na mabwawa 178 wahame.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia daraja tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Hutaja pia kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa na urefu wa mawimbi kwa mita, pamoja na uwezekano wa tukio na kiwango cha athari. Huku kwetu, katika taarifa nyingi zinazofasiriwa papo kwa papo kutoka Kiingereza, daraja zote huwa "onyo". Neno likitumiwa kwa kila wingu, siku ya gharika halimstui mtu.

Tukumbuke pia tarehe 26 Desemba 2004. Neno "tsunami" lilikuwa geni kwa Wakenya wengi, lakini watu waliambiwa waondoke ufuoni, wakaondoka. Kenya ilimpoteza mtu mmoja. Tanzania, angalau 10. Kilichookoa maisha hakikuwa istilahi ngumu bali agizo lililoeleweka kwa wakati.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo utakuwa na maana gani ikiwa tahadhari zinazohusu uhai humfikia mwananchi zikiwa zimepotoshwa? Wanafunzi wa Kiswahili tunatafiti mashairi na riwaya, na ni vyema. Lakini tunaweza pia kukusanya msamiati wa mabaharia na wakulima, kulinganisha tafsiri za utabiri, na kuzijaribu kwa watu wanaokusudiwa kabla hazijatangazwa.

Mimi nilianza na jirani yangu. Nilirudi kwake nikamwambia: "Mama, ukichukua misimu 20 yenye dalili kama zile, tisa huwa na mvua nyingi kupita wastani. Bila dalili ingekuwa sita au saba." Akafikiri kidogo, akasema, "Ungeniambia hivyo siku ile, ningehamisha magunia." Hakuwa na lawama katika sauti yake, nami sikuwa na la kujitetea.

Tahadhari kabla ya hatari. Lakini tahadhari ni ile iliyoeleweka.