Mfiwa Hasali Peke Yake

Kwa Waswahili wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja na Pemba, habari ya kifo haikai ndani ya nyumba. Kipaza sauti cha msikiti hutangaza jina la marehemu na la baba yake, mtaa aliokaa, na sala ambayo baada yake atazikwa, adhuhuri au alasiri. Zanzibar kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na redio pia, na tangazo lake hugeuka nasaba nzima: marehemu ni mkwe wa fulani, ni mjomba wa fulani, habari ziwafikie walioko Wete na walioko Makunduchi. Siku hizi simu imeitangulia redio. Anayesikia hutamka kwanza kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, na hilo likishatamkwa ndipo huuliza, "Alikuwa anaumwa nini?"

Watu wa bara wakifika pwani hushangazwa na haraka ya mazishi. Aliyekata roho alfajiri huenda akawa ameshazikwa kabla ya alasiri. Dini imehimiza hivyo, kwa kuwa heshima ya maiti ni kustiriwa mapema. Lakini haraka hiyo inamfaa na mfiwa. Angali ameduwaa, mwosha maiti ameshafika, sanda inakatwa na vijana wa mtaa wanachimba kaburi. Mwanamume hukafiniwa kwa nguo 3 nyeupe na mwanamke kwa nguo 5, zimefukizwa udi na kutiwa karafuu maiti. Kazi yote hii, pamoja na sala yenyewe, ni faradhi ya kutoshelezana: wakiitimiza baadhi ya watu, wengine wameondokewa na dhima, na ikiachwa na wote basi mji mzima umebeba dhambi. Ndiyo maana hata mgeni aliyefia njiani, asiye na ndugu wala jamaa, huoshwa, husaliwa na kuzikwa na watu wasiomjua jina.

Jeneza halina wachukuzi maalumu. Likitoka nyumbani kila mwanamume hutia bega lake, akaenda nalo hatua kadhaa, kisha akampisha mwenziwe. Mwenye duka husimama na mwenye baiskeli hushuka. Sala ya maiti ni fupi, takbira 4, watu wamesimama mwanzo hadi mwisho pasipo rukuu wala sijida, na kila aliye safuni anamwombea mtu mmoja yuleyule. Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, jamaa wa marehemu husimama akatangaza kuwa anayemdai marehemu aje kwa warithi, na awezaye kusamehe asamehe. Mimi napenda sana kwamba deni hutajwa hapohapo, vumbi la kaburi bado mikononi. Dua ya pwani haimwombei mtu pepo huku ikinyamazia haki za watu alizoondoka nazo.

Baada ya hapo ni matanga, kwa kawaida siku 3. Wanaume hukaa barazani au chini ya turubai, juu ya majamvi. Wanawake huwa ndani mikekani. Hapo ndipo hitima husomwa, na anayetaka kujua jinsi watu hawa wanavyomtegemea Mungu katika huzuni aanzie hapa. Msahafu uliogawanywa vijitabu 30, kila kimoja juzuu moja, hutolewa sandukuni ukapitishwa mkono kwa mkono. Msomaji mwepesi humaliza yake akachukua nyingine. Mzee ambaye macho hayamsaidii tena husoma Yasini aliyoihifadhi tangu utoto. Kijana aliyetoroka chuoni kabla ya kuhitimu huomba juzuu Amma, zile sura fupi ambazo kila aliyepigwa bakora na mwalimu anazikumbuka. Kila mmoja ana aya zake na mwendo wake, na kwa asiyezoea ni kelele tupu. Lakini kazi ambayo ingemchukua msomaji mmoja siku nzima na zaidi hukamilika baina ya magharibi na isha. Shekhe huomba dua, baraza yote ikaitikia amina, ikasomwa Fatiha, kisha ikaja kahawa na halua.

Na mfiwa je? Mfiwa amekaa tu. Pengine juzuu imo mkononi mwake na hajafungua ukurasa. Hakuna anayemkazia macho wala anayempima imani. Anachotakiwa ni kuitikia amina, na hata hiyo ikimkwama kooni wengine wameshaitikia. Tumezoea kuhubiriwa kwamba mtu wa imani ni yule ambaye msiba haumtikisi, akasimama usiku peke yake akaomba kwa sauti thabiti. Watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache, na desturi hii haikuwekwa kwa ajili yao. Iliwekwa kwa ajili ya mama aliyemzika mtoto asubuhi na ambaye ulimi wake jioni hauwezi kuunganisha maneno mawili. Anapewa ndimi za watu wengine, azitumie mpaka wake utakapofunguka.

Machozi hayakatazwi. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, akaeleza kuwa jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi usitamke la kumchukiza Mola. Linalokatazwa ni kuomboleza kwa kujipiga na kuchana nguo. Hata hivyo kila aliyewahi kukaa matangani ameshasikia mayowe yanayopanda kila mgeni anapovuka kizingiti, na ameshawaona bibi wakimkumbatia anayelia wakimwambia, "Sabiri mwanangu, mwombee dua, dua ndiyo itakayomfaa." Hawamnyamazishi kwa ukali.

Kuna neno moja la msibani ambalo mimi hulipokea kwa tahadhari: "Kazi ya Mungu haina makosa." Likitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe ni ibada. Likitoka kwa mwingine linaweza kuwa pazia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Miili zaidi ya 200 iliopolewa. Wengi wengine hawakuonekana tena. Waliokosa maiti wa kuosha na jeneza la kubeba walikuwa na sala ya ghaibu, ambayo madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani, yanairuhusu: imamu na maamuma husimama wakamsalia asiyekuwepo mbele yao. Hitima zikasomwa Unguja na Pemba. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na hiyo nayo ilikuwa haki. Kumridhia Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kupakia meli kama gunia la karafuu, na aliyesoma juzuu yake usiku anaweza kuuliza asubuhi ni nani aliyeruhusu chombo kile kung'oa nanga. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe.

Mjane ana njia yake ndefu zaidi. Akishakuwa kizuka hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue iwapo ni mjamzito. Hajipambi, hatii hina, wanja wala manukato, na hatoki bila haja. Vijana wengine wa mjini huiona eda kama kifungo. Sikatai kuwa inaweza kugeuzwa hivyo, hasa mjane anapokuwa na mashemeji wanaoivizia nyumba. Lakini eda yenye watu ina shughuli zake: wanawake huja alasiri, husoma naye nyiradi, humletea habari za mtaa, humwachia tasbihi na bakuli la uji. Watu wa turubai walikwisha kuondoka zamani; hawa ndio wanaobaki.

Wapo Waislamu wa pwani wasioikubali hitima. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968 na ambaye tafsiri yake ya Qurani ilitoka 1969, aliandika dhidi ya bidaa, na baadhi ya waliokuja baada yake wamekuwa wakali kumzidi: kusomewa maiti hawahudhurii kabisa. Hoja zao ni za kielimu na sitaziamua hapa. Kuhusu chakula lakini pande zote mbili zinakutana. Jaafari bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafari wapikiwe, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tumepindua. Mfiwa ndiye anayekopa mchele, ndiye anayechinja ng'ombe wa arobaini, na mara nyingine mali inayoliwa ni ya mayatima ambao baba yao ndiye anayeombewa dua.

Basi jirani akifiwa usimwulize anahitaji nini, kwa kuwa hajui. Peleka sufuria ya wali na mchuzi siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ubani wako mpe mkononi, kimya. Ule kwako kabla ya kwenda, ukifika uvue viatu, ukae jamvini, uchukue juzuu.