Ya Wapi Hii?

Ndugu msomaji, ukiingia katika duka lolote la nguo mjini, lisikilize swali la kwanza la mnunuzi. Hashiki kitambaa wala hatazami mshono, bali huuliza: "Ya wapi hii?" Akijibiwa kuwa ni ya ng'ambo, hutoa fedha bila ya kuomba apunguziwe. Akijibiwa kuwa imeshonwa na fundi wa mtaa wa pili, huirudisha mahali pake na kwenda zake.

Swali hilo si geni katika pwani yetu. Katika karne ya 19, merikebu za wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa. Wazee wetu waliiita merikani, kwa jina la nchi itokako. Nguo hiyo ilipanda bara na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikawa ndiyo fedha ya njiani. Sifa yake haikutokana na jina, kwani ilikuwa nzito na ya kudumu, na mnunuzi aliijua kwa kuivaa.

Walakini penye sifa hapakosi mwigaji. Daktari W. S. W. Ruschenberger, Mmarekani aliyefika Unguja mwaka 1835, aliandika kwamba Waingereza walikuwa wakizipiga nguo zao chapa za Kimarekani ili zipate soko, lakini wenyeji walisema haziwezi kulingana na zile za asili kwa uimara. Wazee wale, ambao wakoloni waliwaita washenzi, waliivuka chapa wakaipima nguo yenyewe. Je, sisi tuliosoma tunafanya hivyo?

Ama kwa hakika, maradhi haya si yetu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Reuben Mattus na mkewe Rose, watengenezaji aiskrimu wa Bronx, New York, waliibuni bidhaa ya bei ya juu na kuiita Häagen-Dazs. Jina hilo halina maana katika lugha yoyote. Lilitungwa ili lisikike kama la Denmark, na kifuniko kikachorwa ramani ya nchi za Skandinavia. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilimshitaki mshindani aliyejiita Frusen Glädjé, ikidai ameiga mtindo wake wa Kiskandinavia. Mahakama ilikataa kumzuia, kwani mdai mwenyewe hakuwa na mikono safi: naye hakutoka huko.

Fauka ya hayo, jina la ugeni laweza kugeuka. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya kutaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, ili raia wazijue na kuziepuka zile za Ujerumani, zilizodharauliwa kuwa duni. Wajerumani waliboresha kazi yao, na alama iliyokusudiwa kuwa aibu ikawa fahari. Kizuri chajiuza.

Nasi pia tu wageni kwa wenzetu. Huko Japani kahawa ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa Mbinga, mbali kabisa na mlima huo. Mjapani hulilipia jina hilo kama sisi tunavyolilipia la Italia. Mkulima akichanganya kahawa mbovu na nzima, jina hilo litakufa, na hasara itakuwa yetu sote.

Namjua fundi mmoja ambaye mashati yake hayanunuliwi mlangoni pake. Mfanyabiashara huyachukua kwa bei ya chini, huyatia kitambulisho cha ng'ambo ukosini, na kuyauza maradufu kwa majirani wale wale walioyakataa. Mfanyabiashara huyo anadanganya, na dhambi ni yake. Lakini anayemlisha ni mnunuzi asiyeamini mkono wa jirani yake.

Basi, ndugu msomaji, safari ijayo uvute mshono kwanza na ukiangalie kitambaa mwangani, ndipo uulize kimetoka wapi. Na wewe fundi, shona vizuri, kisha utie jina lako.