Urefu wa Uzi na Ukubwa wa Sanduku katika Ukoo wa Mandolini

Mandolini ni chombo kidogo cha muziki chenye nyuzi nane za chuma zilizopangwa kwa jozi nne, ambazo hupatanishwa kwa noti za G, D, A na E kama nyuzi za fidla, na ni tawi la ukoo mkubwa uliochipuka Ulaya kutokana na udi wa Waarabu, chombo ambacho wasikilizaji wa taarabu ya Unguja wanakijua vizuri. Kinachomvutia mtazamaji kwanza ni sanduku, yaani mwili wa mbao ulio mtupu ndani na unaokuza sauti, lakini kipimo kinachotangulia vingine vyote ni urefu wa uzi, maana yake umbali kati ya kikalio, kile kijiti chenye mifereji kilicho mahali shingo inapokutana na kichwa, na daraja, kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya uso wa sanduku. Fundi akishauamua umbali huo, mengi ya yanayobaki huamuliwa nao.

Huko Napoli, ambako mafundi wa ukoo wa Vinaccia waliipa mandolini umbo lake mashuhuri katika karne ya 18, na ambako Pasquale Vinaccia aliiimarisha katika karne ya 19 ili ihimili nyuzi za chuma, urefu huo ulitulia kwenye sentimita 33 hivi, juu ya sanduku lenye mgongo wa duara uliounganishwa kwa vibao vyembamba. Marekani ilifuata njia nyingine. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza mwaka 1898 kwa mandolini iliyochongwa uso na mgongo kwa mwinuko mdogo kama wa fidla, na kampuni iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1902 ilishika urefu wa sentimita 35.2 hivi.

Tofauti ya sentimita mbili na kidogo haionekani kwa macho, lakini mkono huihisi na mbao huibeba. Ili uzi uleule utoe noti ileile, mkazo wake hupanda kwa kipeo cha pili cha urefu, kwa hiyo kutoka sentimita 33 hadi 35.2 mkazo huongezeka kwa takribani asilimia 14, na mzigo huo haupumziki mchana wala usiku. Ndiyo maana nyuzi nene zilizokusudiwa mandolini za Kimarekani, zikifungwa kwenye mandolini nyepesi ya Napoli, huweza kupinda shingo na kudidimiza uso, uharibifu wa kusikitisha kwa sababu ungeepukwa kwa kupima tu.

Kurefusha nako kuna kikomo. Uzi wa E, ulio mwembamba kuliko wote, hutetema mara 659 kwa sekunde, na kadiri unavyorefushwa huku noti ikibaki ileile ndivyo unavyokaribia kukatika. Kuubadilisha kwa uzi mnene hakusaidii, kwa kuwa unene unaouongezea nguvu huudai pia mkazo zaidi kwa uwiano uleule. Mandolini ya sentimita 45 ingeufikisha uzi wa E karibu na ukomo wa nguvu za chuma.

Vyombo vikubwa vya ukoo huu, vilivyopata nafasi katika okestra za mandolini za mwanzoni mwa karne ya 20, vinaonyesha mvutano huohuo kwa upande wa pili. Mandola ya Kimarekani hupatanishwa C, G, D na A, chini ya mandolini kwa hatua ya tano, na kwa hesabu tupu uzi wake ungekuwa mara moja na nusu ya ule wa mandolini, yaani karibu sentimita 53. Mandola za Gibson zilikuwa na 40 tu. Mandochelo, iliyo oktavo moja chini ya mandola, ina 63 hivi, pungufu zaidi ya ile hesabu. Pengo hufidiwa kwa unene, kwani nyuzi nzito huviringishiwa waya juu ya kiini cha chuma ili zipate uzito bila kupoteza wepesi wa kupinda. Sanduku nalo hupanuliwa, maana hewa iliyo ndani yake ina mtetemo wake wa asili, unaoshuka sanduku linapokuwa kubwa na kupanda tundu la kutolea sauti linapopanuliwa.

Kinachozuia nyuzi zisifuate hesabu ni mkono wa mwanadamu. Mpigaji wa mandolini huweka vidole kama mpigaji wa fidla, kila kidole kikitawala freti mbili, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, na kidole kidogo kikifikia freti ya 7. Kwenye uzi wa sentimita 35.2, kutoka freti ya 2 hadi ya 7 ni karibu sentimita 8, lakini kwenye mandolini ya oktavo, iliyo oktavo moja chini ya mandolini ya kawaida na yenye sentimita 56, chombo kinachopendwa katika muziki wa Ireland, umbali huo hufika sentimita 12.5, na wengi hulazimika kubadili mpangilio wa vidole.

Hata urefu ukiwa uleule, mahali pa daraja huweza kubadili kila kitu. Modeli ya F-5, iliyotoka mwaka 1922 wakati mbunifu Lloyd Loar akifanya kazi Gibson, haikurefusha nyuzi wala kukuza sanduku kwa kiasi cha kutajika, bali ilisogeza shingo nje hadi ikaungana na mwili kwenye freti ya 15, na daraja likahamia katikati ya uso. Mabadiliko hayo, pamoja na matundu mawili ya mtindo wa fidla, yaliipa sauti kali na ya haraka ambayo mpigaji mandolini Bill Monroe aliifanya kuwa nguzo ya muziki wa bluegrass, na yanastahili kuhesabiwa kuwa makubwa kuliko upanuzi wowote wa sanduku.

Msomaji wa ughaibuni anayekuta mandolini kuukuu katika maduka ya mitumba ya Ulaya au Marekani apime kwanza kutoka kikalio hadi freti ya 12, azidishe mara mbili, na ndipo achague nyuzi.