Ugonjwa wa Mahindi Haujui Mpaka: Kikundi Kinaweza Kufanya Nini?



Huku Kericho na Bomet ukimuuliza mtu mali yake, atakuonyesha majani chai na ng'ombe. Lakini ukimuuliza watoto watakula nini, atakuonyesha mahindi. Pesa ya chai hulipa karo, na bonasi hununua mabati. Unga hutoka kwenye kile kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa mahindi uitwao MLN, ambao waweza kukiacha kipande hicho bila hata debe moja.

ULIVYOANZA

Septemba 2011, wakulima wa Longisa, Bomet, waliona mahindi yao yakikauka yangali machanga. Wengine walidhani ni mbolea imepungua, wengine wakasema ati ni jua. Watu wakauita koroito, yaani tauni. Kufikia 2012 ulikuwa umeingia Narok na Naivasha. Mwaka huohuo ukaonekana Uganda na Tanzania, 2013 ukafika Rwanda na mashariki ya Kongo, na 2014 Ethiopia. Kumbe duniani haukuwa mgeni: huko Kansas, Marekani, uliripotiwa tangu 1976.

Ulipitaje mipaka yote hiyo? Husafiri ndani ya mbegu, na pamoja na wadudu wanaopeperushwa na upepo. Basi, kama mpaka wa nchi haukuuzuia, ua kati ya shamba lako na la jirani hautauzuia.

NI UGONJWA GANI?

Ni virusi vya aina mbili vinavyokutana katika mmea mmoja. Aina moja peke yake hudhoofisha mahindi. Zikikutana mbili, huua. Aina ya kwanza huletwa na mbawakawa na vithiripi, wale wadudu wembamba kama uzi wanaojificha katikati ya majani machanga. Hukaa pia kwenye mbegu na kwenye masalio ya mahindi shambani. Aina ya pili huletwa na vidukari, nayo hushika miwa pia. Chai yetu haishikwi.

Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioshikwa. Dawa ya wadudu hupunguza wadudu tu. Mtu akikuuzia chupa akisema inatibu MLN, usimpe pesa yako.

TUUTAMBUE

1. Majani machanga ya juu huwa na madoa na mistari ya manjano, kuanzia shina la jani kwenda ncha.
2. Kingo za majani hukauka kuelekea ndani, na jani la katikati hufa.
3. Maganda ya mahindi hukauka mapema huku mmea ungali kijani. Ukifungua, punje ni chache na zimesinyaa.

Tusichanganye na njaa ya mbolea. Hiyo huanza na majani ya chini yaliyozeeka, na manjano yake hushuka kutoka ncha ya jani kupitia katikati. Mkiwa na shaka, mwiteni afisa wa kilimo kabla ya kung'oa.

JAMBO AMBALO MTU MMOJA HAWEZI

Virusi hivi hupata nguvu pale ambapo mahindi hayakosekani shambani. Tukivuna na kupanda mahindi tena papo hapo, tunavipa nyumba mwaka mzima. Njia ya kuvunja mnyororo huo ni kukaa angalau msimu mmoja bila mahindi. Badala yake tupande maharagwe, viazi, kabichi, sukuma wiki au vitunguu.

Wazee watauliza, "Si turudie wimbi letu la zamani?" Wimbi ni chakula kizuri, lakini wimbi, mtama na miwa ni jamii moja ya nyasi pamoja na mahindi, na virusi vimewahi kupatikana kwenye wimbi hapa Kenya. Kwa hiyo, kwenye shamba lililougua, wimbi nalo lingoje.

Ukipumzisha shamba lako peke yako huku mahindi ya jirani yakiugua, wadudu watavuka tu. Utakuwa umekosa ugali bure. Ni lazima majirani wakubaliane, ukingo wote kwa msimu mmoja.

Tunajua hofu ya akina mama: msimu huo tutasaga nini? Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo sababu mipango ianze kabla ya mvua. Kikundi kiweke akiba kidogo kila wiki, kisha kinunue magunia kwa pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Maharagwe na viazi viuzwe pamoja ili kuongeza akiba. Na mahindi hayo ya kununua ni ya kusaga, si ya kupanda!

MAMBO YA KUSHIKA

– Msiweke mbegu kutoka shamba lililougua. Nunueni mbegu iliyothibitishwa, yenye kibandiko cha KEPHIS.
– Ulizeni mbegu zinazovumilia MLN. Tangu 2013 kuna kituo Naivasha kinachozipima. Kuvumilia si kinga kamili, kwa hiyo kubadilisha mazao kuendelee.
– Pandeni wote pamoja mvua ndefu zinapoanza, na mpalilie nyasi mapema.
– Ng'oeni mmea mgonjwa mara moja. Majani mabichi ng'ombe anaweza kula. Mahindi yaliyooza msile wala msilishe mifugo, maana kuvu lina sumu.
– Safisheni jembe na viatu mkitoka shamba lenye ugonjwa.

Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, lakini ukuta ulikuwa mmoja. Mmoja akiacha pengo, wote wamo hatarini. Mahindi yetu ni vivyo hivyo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni mashamba mangapi kwenye ukingo wetu yameonyesha dalili hizi?
2. Ni majirani gani wasio wanachama, na nani atawaendea?
3. Kila nyumba inahitaji magunia mangapi kuvuka msimu bila mahindi, na tuanze akiba lini?

Mungu aibariki kazi yenu.