Tairi Nayo Ina Upatanisho Wake

Mwanafunzi akiandika "watoto mzuri anacheza", mwalimu wa Kiswahili hahitaji kutazama mara mbili ili kuliona kosa. Nomino imeingia katika wingi ilhali kivumishi na kitenzi vimebakia katika umoja. Kalamu nyekundu hupita, alama hupungua na somo likaendelea. Lakini ziko sentensi nyingine ambazo upatanisho wake ukivunjwa, adhabu haiwi alama bali maisha ya watu. Nazo ni zile zilizochapwa ubavuni mwa tairi za magari yetu.

Imekuwa fahari kwa wenye magari madogo kuvua rimu za chuma zilizokuja na gari na kulivisha rimu za aloi zinazometameta. Kupenda urembo si hatia, na wahenga walikwisha kutwambia kuwa chema chajiuza. Tatizo ni kwamba aghalabu rimu huchaguliwa kwa jicho na tairi kwa bei, pasi na mtu yeyote kuyasoma maandishi.

Hebu tuyasome pamoja. Chukua tairi yenye maandishi 195/65 R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 si milimita hata kidogo. Ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Namba 15 nayo ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sentensi moja fupi, vipimo vya namna tatu! Wanaisimu tungesema kwamba tairi inachanganya ndimi. Herufi R, ambayo wengi hudhani ni ya neno rimu, kwa hakika hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Namba 91 ni ya faharasa ya uzito, na maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi. H ni mwendo usiopaswa kuzidi kilomita 210 kwa saa, wala si ruhusa ya kuukimbilia mwendo huo.

Sasa tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaiweza. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo tunapata 253.5. Inchi 15 ni milimita 381. Jumla, yaani kipenyo cha tairi nzima, ni milimita 634.5.

Mwenye gari akitaka rimu za inchi 16, sharti maneno mengine ya sentensi yabadilike pia, kama vile wingi wa nomino unavyolazimisha wingi wa kivumishi. Tairi ya 205/55 R16 ina kipenyo cha milimita 631.9, nayo 225/45 R17 ina 634.3. Rimu imekua, ubavu umepungua, na kipenyo kimebakia karibu palepale. Huo ndio upatanisho.

Lakini fundi akivisha 205/65 R16 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani, kipenyo hufika milimita 672.9. Hilo ni ongezeko la asilimia 6, ilhali mafundi makini hawapendi kupita asilimia 3. Spidomita haina habari ya mabadiliko hayo. Itasoma kilomita 80 kwa saa huku gari likienda karibu 85, na dereva ataapa kwa dhati kwamba hakuvunja sheria. Isitoshe, tairi imesogea milimita 19 karibu zaidi na madigadi, na huenda ikakwaruza pale gari linaposheheni abiria au usukani unapokatwa.

Hata upatanisho ukitimia, urembo una gharama zake. Ubavu wa 225/45 ni milimita 101 tu. Mto wa hewa umepungua, na katika barabara zenye mashimo na matuta kishindo huifikia rimu upesi. Rimu ya chuma mara nyingi hupinda na kugongwa ikanyooka. Ya aloi yaweza kupasuka. Upana wa rimu nao lazima uafikiane na wa tairi, na faharasa ya uzito isishuke chini ya ile ya awali. Ama kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, tairi zenye mizingo tofauti huilazimisha difu kufanya kazi isiyokoma hadi ikalika.

Jibu sahihi halifichwi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva hubandikwa kibandiko chenye saizi zilizoidhinishwa na kiasi cha upepo. Katika magari mengi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, maelezo yako katika maandishi ya Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile tunazozijua. Hata umri wa tairi umeandikwa: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 3519, humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Wenzangu walimu, tumezoea kuwapa wanafunzi ufahamu wa vifungu vya simba na sungura, kisha tukashangaa wanapohitimu bila kuweza kusoma kitu wanachokipanda kila asubuhi. Mwalimu wa hisabati na achukue tairi kuukuu afundishie asilimia na mzingo. Mwalimu wa Kiswahili naye awatake wanafunzi waandike, kwa lugha ambayo fundi wa mtaani ataielewa, maelezo ya namba hizo. Na kila shule yenye basi au matatu ya kuwabeba watoto, mwalimu mkuu na ashuke uwanjani akalinganishe maandishi ya tairi nne na ya kibandiko mlangoni. Kazi hiyo haichukui hata robo ya kipindi. Asiyeweza kuisoma sentensi hiyo asikubali kuibadilisha, na aliyeweza kuisoma asimwachie fundi aivuruge.