Nyota na reli: amri fupi za simu na kompyuta zinazolinda pesa zako

Siku ya soko pale Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, karibu kila kitu kina bei na kila bei inapatanwa. Soko hili limejulikana Kenya nzima kwa sababu ya mbwa wanaouzwa pale, lakini kuku nao wapo. Mkishapatana bei, mnunuzi anatoa simu badala ya noti. Hapo maswali yanaanza. Pesa imeingia kweli? Mtandao ukipotea katikati, imeenda au haijaenda? Na huyu anayenipigia akiniambia nibonyeze nyota hii na reli ile, ni nani?

Maswali haya mengi yana jibu ndani ya simu yako, hata kama ni kabambe isiyo na intaneti. Jibu ni amri fupi: unapiga nyota (*), namba kadhaa, unamaliza na reli (#), na simu inakujibu. Leo tuzipitie zile zenye faida kwa mtu anayelipa na kulipwa kwa simu, halafu tuingie saiba kidogo tuone amri za kompyuta.

Amri hizi hufanya kazi vipi?

Ziko za aina mbili. Za kwanza zinaenda kwa kampuni ya simu na kukuletea menyu, kwa mfano *334# ya M-PESA. Njia hii inaitwa USSD. Haitumii bando, ndiyo maana inafanya kazi kwa kabambe na simu janja vilevile. Tofauti yake na meseji ni hii: meseji inaweza kuhifadhiwa na kufika baadaye, lakini menyu ya USSD ni mazungumzo ya wakati huo huo. Ukichelewa kujibu au mtandao ukikatika, mazungumzo yamekufa na unaanza upya.

Aina ya pili ni zile zinazofanana karibu kila simu na kila mtandao, kama *#06#. Hizi zinauliza au kubadilisha jambo kwenye simu au laini yako.

1. Kabla ya kuachilia kamba, angalia salio

Umeuza mbwa wako. Mnunuzi anasema, "Mzee, nimetuma, cheki simu." Meseji imeingia kweli, ina jina lake, kiasi na tarehe. Usimpe mbwa bado.

Mtu yeyote anaweza kuandika meseji inayofanana na ya malipo na kukutumia kutoka kwa laini ya kawaida. Kwa hivyo fanya mambo mawili. Kwanza, angalia imetoka kwa nani: ya M-PESA hutoka kwa jina MPESA, sio kwa namba ya 07 au 01. Pili, usitegemee salio lililoandikwa ndani ya meseji hiyo. Piga *334# mwenyewe, ingia kwenye akaunti yako na uulize salio. Kama unatumia huduma nyingine, piga menyu yake rasmi. Tapeli anaweza kutunga meseji lakini hawezi kuongeza salio lako. Inachukua nusu dakika tu, na mnunuzi mwaminifu hatakasirika kungoja.

2. Mtandao ukikatika katikati

Siku ya soko watu ni wengi na mtandao unaweza kuzidiwa. Menyu ikipotea, jiulize jambo moja tu: nilikuwa nimeshaweka PIN na kutuma?

- Kama ulikuwa hujaweka PIN, pesa haijatoka. Anza upya.
- Kama ulikuwa umeweka PIN na kutuma, usirudie. Ngoja meseji. Isipokuja, uliza salio au taarifa fupi ya akaunti. Salio likiwa limepungua, pesa imeenda. Likiwa vilevile, ngoja kidogo, uliza tena, ndipo ujaribu upya.

Kurudia kwa haraka ndiko kunakofanya mtu alipe kuku mmoja mara mbili.

Na ukituma kwa namba isiyo sahihi? Kwenye M-PESA, peleka ile meseji ya malipo kwa 456 mara moja kuomba pesa irudishwe. Ukichelewa, aliyepokea anaweza kuwa ameshatoa. Lakini dawa nzuri zaidi ni kusoma jina linaloonyeshwa kabla ya kuthibitisha. Jina lisipokuwa la unayemlipa, simamisha hapo.

3. Amri za kulinda laini

Laini yako ndiyo pochi yako. Mwizi akifaulu kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine, anaanza kupokea simu na meseji zako. Fanya haya leo, ukiwa umetulia:

- \*#06# inaonyesha namba ya utambulisho ya simu yako, IMEI, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ziandike kwenye daftari nyumbani. Simu ikiibiwa utazihitaji ukienda kuripoti polisi.
- \*106# kwa wateja wa Safaricom inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, iripoti. Uhalifu ukifanywa na laini hiyo, jina litakaloonekana ni lako.
- \*100\*100# kwa wateja wa Safaricom inasaidia kuzuia laini yako isibadilishwe na mtu mwingine bila wewe kufika dukani.
- PIN ya laini. Hii ni tofauti na PIN ya pesa. Ukiiwasha kwenye mipangilio ya simu, mwizi akitoa laini na kuiweka kwenye simu yake, itamdai PIN. Lakini kuwa makini: ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Kwa hivyo itafute PUK yako kwanza na uiandike mahali salama.

4. Nani anapokea simu zako?

Kila laini inaweza kuelekeza simu zinazoingia kwenda namba nyingine. Ni huduma halali na ina manufaa, lakini matapeli wanaipenda. Anakupigia, anasema anatoka kwa kampuni ya simu au benki, laini yako ina hitilafu, piga hii tuirekebishe. Anachokusomea kinaanza na \*21\* au \*\*21\*, halafu namba ya simu, halafu reli. Ukibonyeza, simu zako zinaanza kumfikia yeye. Akijaribu kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake na kuomba namba ya uthibitisho kwa njia ya simu, anaipokea yeye. Dakika chache baadaye marafiki zako wanaombwa pesa kwa jina lako.

Kuangalia, piga:

- \*#21# kujua kama simu zako zote zinaelekezwa kwingine.
- \*#62# kujua zinakoenda ukiwa umezima simu au uko nje ya mtandao.
- ##002# kufuta maelekezo yote.

Labda umeona video au meseji za kwenye vikundi zikisema *#21# inaonyesha kama simu yako imedukuliwa. Si kweli. Inaonyesha uelekezaji wa simu tu. Vilevile, *#62# ikikuonyesha namba usiyoijua, usiogope mara moja. Inaweza kuwa ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya mtandao wako. Uliza huduma kwa wateja kama una shaka. Ukitumia ##002#, hata ujumbe wa sauti unaweza kuzimika, lakini unaweza kuurudisha.

5. Ukiwa saiba: amri tatu za kompyuta

Huduma nyingi za serikali siku hizi unaziomba mtandaoni kupitia eCitizen na unazilipia kwa simu. Wengi wetu tunaenda saiba. Unalipa, pesa inatoka, halafu ukurasa unaganda. Kabla ya kulipa tena, mwombe anayehudumu mjue tatizo liko wapi. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Dirisha jeusi linafunguka.

- Andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google, na amri hii inabisha hodi kuona kama kuna anayejibu. Ukiona "Reply from", intaneti ipo. Ukiona "Request timed out" mara zote nne, kuna uwezekano mkubwa intaneti ya saiba yenyewe imekatika.
- Andika ping halafu jina la tovuti unayotaka. Kama amri ya kwanza ilijibiwa lakini hii inasema haiwezi kupata jina, na umeliandika sawasawa, basi kompyuta inashindwa kutafsiri jina kuwa anwani. Lakini ikipata anwani halafu isijibiwe, hiyo peke yake si tatizo. Baadhi ya tovuti hazijibu hodi.
- Andika ipconfig /flushdns. Hii inafuta orodha ya majina na anwani ambayo kompyuta imehifadhi, ili itafute upya. Kisha fungua ukurasa tena.

Meseji ya malipo ikiwa imeingia kwenye simu yako, pesa imelipwa hata kama ukurasa umeganda. Hifadhi ile namba ya muamala, fungua akaunti yako upya na uangalie kama malipo yameonekana. Usilipe mara ya pili kwa sababu ya skrini.

6. Kanuni ya mwisho: usibonyeze amri uliyosomewa

Simu na kompyuta haziulizi nani amekuambia. Zinatii kidole chako. Ndiyo maana matapeli hawahangaiki kuvunja simu. Wanakuomba ubonyeze wewe. Kwenye kompyuta mtindo ni huo huo: ukurasa unakuambia uthibitishe kuwa wewe si roboti kwa kubonyeza Windows na R, ubandike kitu na kubonyeza Enter. Hakuna uthibitisho halali wa aina hiyo. Ni amri ya kuingiza programu ya wizi. Funga ukurasa.

Kwa hivyo, amri yoyote utakayopiga iwe ni wewe uliyeamua kuipiga, na unajua inafanya nini. Mtu akikupigia na kukuharakisha, kata simu. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Namba nyingine ikijiita Safaricom, ishuku, na unaweza kuiripoti kwa 333. Na PIN yako ya pesa haiombwi na mhudumu yeyote, iwe kwa simu, kwa meseji au dukani.

Ziandike amri hizi kwenye karatasi, uweke nyuma ya kava ya simu. Kama kuna mama au mzee nyumbani anayetumia kabambe, kaa naye leo jioni, mpige *#21# pamoja, na umfundishe kuuliza salio mwenyewe kabla hajatoa kuku wake.